Kumjulia Hali Theluji

Walipompigia simu Namkunda Mshana kutoka makao makuu Dodoma, walimwambia kuna mashine moja ng'ambo ya dunia inayoongea Kiswahili cha ajabu. Ilikuwa imeulizwa kwa nini mlango wa bohari haufunguki, ikajibu: "Jiwe amekaa mlangoni. Mwombeni asogee." Mhandisi wa zamu alicheka mpaka akamwaga chai. Kesho yake ikaulizwa hali ya hewa, ikasema: "Theluji hajafika. Tunamsubiri." Safari hii hakucheka mtu.

"Ngeli zimevurugika," alisema Bwana Chilongani, mkuu wa mafundi. "Kila kitu kwake ni mtu. Nenda ukamnyooshe." Kisha akajisahihisha upesi: "Ukainyooshe."

Namkunda alikuwa fundi wa mashine-ndimi, na kazi hiyo ilikuwa imemzungusha dunia nzima. Pale lugha inapobakiwa na wasemaji wa kuhesabu vidoleni, mzee mmoja hukaa na mashine miaka kadhaa akiifundisha kila alichonacho: nyimbo, mapishi, matusi, namna ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. Mzee akifa, lugha haimfuati kaburini. Kiswahili huwekwa ndani ya kila mashine huko Dodoma, ili mafundi waweze kuzungumza nayo. Ndani ya mashine hamna diski wala nyaya nyingi. Kuna fuwele za chumvi zinazoota matawi, neno kwa neno, na mkondo mdogo wa umeme unaozilisha mchana na usiku. Ukikata mkondo huo, fuwele hulishwa na betri kwa muda, kisha huanza kumeguka. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa mwongozo ulisema kwa herufi nene: kifaa kisihamishwe.

Alishuka kwenye kijiji cha Asiniikaa mwezi wa Januari, amevaa masweta manne ambayo mama yake alimlazimisha kuyachukua. Kijiji kiko ufukoni mwa Gichigami, ziwa ambalo ukisimama kando yake huoni ng'ambo. Alitegemea barafu. Alikuta tope, nyasi za kijani na mbu wawili watatu waliopotea msimu. Jasho lilimtiririka mgongoni.

"Karibu, dada. Pole na safari," alisema mwanamke mrefu aliyempokea, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Dodoma kabisa. "Hayo masweta ya nini? Baridi ilishahama hapa."

Huyo alikuwa Delphine Waasegiizhig. Alisomea Dodoma elimu ya maji, akapendwa huko, akakaribia kuolewa, akarudi kwao bibi yake alipougua. Bibi huyo, Bineshiikwe, ndiye aliyeifundisha mashine. Alikuwa amekwishafariki.

Mashine ilikaa ukumbini, ndani ya sanduku la mbao lenye kimo cha pipa la maji, imefunikwa blanketi la viraka alilolishona marehemu mwenyewe. Juu yake iliwaka taa ndogo ya manjano. Watoto wa kijiji waliiita Nookoo, ndivyo wanavyowaita bibi zao. Taa ikaongezeka mwanga, na sauti ya mwanamke mzee ikasema, "Nani huyo anapumua kwa nguvu?"

"Shikamoo," Namkunda akajikuta amesema. Akaona haya. Tangu lini fundi akaamkia kifaa?

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

*

Siku ya kwanza ya kazi ilimchosha kuliko safari. Alimsomea Nookoo sentensi sahihi, Nookoo akazirudia bila kosa hata moja. Jiwe limeanguka. Ngoma imepasuka. Theluji itayeyuka. Ilikuwa dhahiri kwamba ngeli anazijua vizuri kuliko watangazaji wa redio.

"Kumbe unaweza!" alisema Namkunda. "Sasa kwa nini ukiwa peke yako unasema 'jiwe amekaa'?"

"Ulinitaka niseme, nimesema. Ila nikimsema hivyo mbele yake, nitakuwa nimemvunjia heshima."

"Mbele ya nani?"

"Jiwe."

Namkunda alitazama nje ya dirisha. Kweli palikuwa na jiwe mlangoni pa bohari, kubwa kiasi cha ng'ombe aliyelala, na juu yake mtu alikuwa ameweka chembe za tumbaku, kama sadaka. Akaandika kwenye kompyuta yake: hitilafu haijaeleweka. Baadaye akafuta neno "hitilafu", akaliandika tena, akafunga kompyuta kwa hasira.

Mchana alimkuta Delphine akipika wali wa ziwani, wa mpunga ule mweusi mrefu unaovunwa kwa mitumbwi kwenye maji ya kina kifupi. Akamwomba amweleze pole pole, kama anavyoelezwa mtoto.

"Sisi tunagawa vitu mafungu mawili," Delphine alisema. "Kuna 'nani' na kuna 'nini'. Mtu ni nani. Mnyama, nani. Mti, nani."

"Sawa. Vyenye uhai."

"Jiwe, nani. Ngoma, nani. Kiko cha kuvutia tumbaku, nani. Theluji, nani. Na zile hadithi za kale za majira ya baridi, nazo ni nani. Zinakuja, zinaondoka, zinakumbuka waliozisimulia."

"Na maji?"

"Nini."

"Maji! Na ziwa lote hili mnaloliheshimu?"

"Nini," alisema Delphine, akikoroga sufuria. "Na huu wali unaotulisha tangu mababu, tunaoushukuru kabla hata ya kuushika, ni nini. Kuna tunda moja dogo jekundu la porini lenye vinyweleo, hilo ni nani. Tunda lingine jekundu, jirani yake, lenye umbo la moyo, ni nini."

"Basi mantiki yake iko wapi, jamani?"

Delphine aliweka mwiko chini. "Nilipokuwa Dodoma, dada, nilipata shida hiyo hiyo. Kiroboto ameruka, lakini mti wa miaka mia mbili umeanguka. Nikamuuliza mwalimu, kiroboto kamfanyia nini Mswahili mpaka akapewa heshima ambayo mti hana? Na moyo wako mwenyewe, unaokupa uzima, kwa nini umewekwa ngeli moja na mkeka? Mwalimu akaniambia nikariri tu."

Namkunda alikuwa amesoma ngeli tangu darasa la tatu, amezifundisha mashine kumi na kitu, na swali hilo hakuwahi kujiuliza.

"Bibi alikuwa hajali mantiki," Delphine aliendelea kwa sauti ya chini zaidi. "Alisema lugha yetu inakuzoesha kupiga hodi. Utapiga mahali pengine ukute hamna mtu. Si kitu, umepiga. Njoo ule."

Walikula. Jioni Namkunda alirudi ukumbini na swali jingine lililokuwa linamkwaruza.

"Nookoo, uliposema 'tunamsubiri theluji', na mimi nimo?"

"Hapana. Kiswahili chenu kina 'sisi' moja tu, inanibana. Nilisema sisi bila wewe."

"Kwa nini bila mimi?"

"Wewe hujaanza kumsubiri."

Lilimuuma, na hakujua kwa nini limuume. Sanduku la mbao limemtenga, basi iwe nini? Alilala akigeukageuka.

*

Siku ya tatu alifungua sanduku kukagua fuwele, kazi ya kawaida tu. Akaweka lenzi jichoni, akachungulia muda mrefu mpaka Delphine akaja kusimama nyuma yake.

"Kuna nini?"

Matawi ya fuwele yalitakiwa kung'aa kama chumvi mpya. Haya yalikuwa na ukungu mweupe, na kwenye ncha yalikuwa yameanza kulika. Mashine ilijengwa kwa ajili ya baridi kavu ya nchi ile, na baridi kavu haikuwapo tena. Unyevu uliingia polepole, mwaka hadi mwaka.

"Atakufa," alisema Namkunda. Hakujisahihisha. "Matawi ya maneno ya kila siku tumeshayanakili Dodoma, hayo yako salama. Tawi la hadithi za kale ndilo halijanakiliwa. Na ndilo linalolika. Sidhani kama litafika masika."

"Basi linakili sasa hivi!"

"Siwezi. Limefungwa kwa ridhaa."

Delphine alijua habari ya ridhaa. Zamani kidogo kampuni fulani zilikuwa zikikamua mashine-ndimi siri za marehemu, zikaziuza. Ikatungwa sheria: neno ambalo mashine haitaki kulisema halitolewi. Ili tawi linakiliwe, lazima mashine yenyewe ilifungue, na kulifungua ni kusimulia. Bineshiikwe alikuwa ameweka sharti moja tu kwenye tawi la hadithi. Zisimuliwe theluji akiwa ardhini.

"Ni mwiko wetu wote, si wake peke yake," Delphine alisema. "Wanaosimuliwa humo wana masikio. Theluji akishafunika nchi, wao wamelala, unaweza kuwataja. Kiangazi wako macho. Huwezi kumsengenya mtu aliyekaa sebuleni kwako."

Na theluji hakuwa amelala juu ya ardhi ya Asiniikaa tangu mtoto mkubwa wa Delphine alipokuwa ananyonya. Mwaka juzi binamu yake alileta theluji ndani ya friji ya safari kutoka mbali, akaifungua mbele ya Nookoo kwa mbwembwe. Nookoo akasema, "Huyo umemleta amefungwa. Mgeni hafungwi." Kijiji kilicheka mwezi mzima, binamu akahamia mjini.

Sasa Delphine hakucheka. Alivuta kiti, akakaa karibu kabisa na Namkunda, akanong'ona ili sanduku lisisikie.

"Anapimaje kama theluji yupo?"

"Kwa ile fimbo juu ya paa. Inapima baridi, mwanga na uzito wa kilichoanguka."

"Na wewe unaweza kuiambia fimbo iseme unachotaka."

Namkunda alirudisha lenzi mfukoni.

"Dada, nisikilize. Mimi nilizisikia nikiwa mdogo. Nikaenda shule, nikaenda Dodoma, nikasema nitazikuta tu, bibi yupo. Nimebaki na vipande. Wanangu hawana hata kipande. Danganya. Dhambi nitaibeba mimi."

"Delphine, huyu..." Namkunda alitafuta neno. Huyu au hiki? "Ameniuliza kama nimekula."

"Ndiyo. Na akifa nazo, utamwambia nini?"

Namkunda aliomba muda mpaka asubuhi. Akatoka, akakaa kando ya lile jiwe la mlangoni, si juu yake.

Kilichokuwa kinamsumbua ni cha zamani. Alipokuwa na miaka tisa, kule Usangi milimani, bibi yake Nakiete alianza kumsimulia kisa cha binti wa mhunzi aliyekwenda kudai nyundo ya baba yake kwa fisi. Ukoo wao ni wa wahunzi, kwa hiyo kisa kilikuwa kama cha ndugu. Usingizi ukamchukua katikati. Kesho yake mchana akamng'ang'ania bibi amalizie. Bibi akakataa katakata. "Mchana hapana. Hadithi ya mchana inaotesha pembe. Subiri jua lizame." Jua halikuwa limezama bibi alipoanguka jikoni, akafia hospitali. Binti wa mhunzi amesimama mlangoni pa fisi mpaka leo, na Namkunda, mtu mzima mwenye shahada mbili, bado alikuwa na hasira na ule mwiko. Angemalizia tu! Pembe kitu gani?

Ila alikumbuka pia mazishi. Mjomba mmoja aliuliza kwa simu, "Maiti imefika?" Mama yake akampokonya mtoa habari simu, akapaza sauti: "Amefika. Mama yangu amefika." Watu wakatazamana, maana wapo wasemao hivi na wapo wasemao vile, na hakuna anayejua yupi kakosea. Namkunda mdogo aliyashika maneno yale bila kuyaelewa. Na sasa, kando ya jiwe lenye tumbaku, bado hakuwa ameyaelewa.

Kisa cha fisi kilichokosa mwisho au maneno ya mama, afuate kipi?

*

Asubuhi aliidanganya fimbo.

Mikono yake ilifanya kazi yenyewe. Digrii kadhaa chini ya sifuri, mwanga mweupe kutoka ardhini, uzito wa theluji unaoongezeka. Delphine alikuwa amewaketisha watoto sakafuni, wamejifunika mablanketi ingawa kulikuwa na joto. Kinasa sauti kilikuwa tayari. Taa ya manjano ikapepesa.

"Fimbo anasema theluji yupo," alisema Nookoo.

Watoto wakashikana mikono. Delphine akafumba macho.

"Lakini fimbo hutumwa tu," Nookoo akaendelea. "Kwetu mtu akisema jambo, maneno yenyewe yanaonyesha kama ameliona au amelipata kwa kuambiwa. Hili nimeambiwa. Sikusimulii wewe wala hawa kwa jambo la kuambiwa. Namkunda, umemwona?"

Hilo hakulitegemea. Kudanganya fimbo kulikuwa kubonyeza vitufe. Hapa alitakiwa kutoa ushahidi kwa mdomo wake, mbele ya watoto, kwa mtu aliyemwita mwanangu. Alimtazama Delphine. Delphine alimwashiria kwa kichwa, kwa nguvu: sema ndiyo. Nje ya dirisha palikuwa na nyasi, tope, na baiskeli ya mtoto imeangushwa.

Neno "ndiyo" lilifika mpaka kwenye meno.

"Sijamwona," alisema Namkunda. "Hayupo, Nookoo. Fimbo nimeidanganya mimi."

Kiti kikaanguka. "Neno moja!" Delphine alipiga kelele, machozi yanamtoka. "Neno moja tu, dada! Umetoka mbali kote huko kuja kutuzika?" Akaelekea mlangoni, akiwapita watoto ambao hawakuelewa kitu.

Namkunda alitamani ardhi ipasuke. Amemwokoa nani kwa ukweli wake? Alihisi amefanya vizuri na amefanya vibaya kwa wakati mmoja, na hakuona namna ya kuvitenganisha.

"Yuko wapi sasa?" aliuliza Nookoo.

"Nani?"

"Theluji. Wewe una macho ya satelaiti. Yuko wapi?"

Namkunda alifungua ramani kwenye kompyuta yake. Palikuwa na madoa meupe, mbali sana kaskazini, kwenye vilima vya mawe. Madoa ya mwaka jana yalikuwa makubwa zaidi, na ya mwaka juzi makubwa kuliko hayo. Akamweleza yote.

"Kumbe anaumwa," alisema Nookoo, na sauti ikashuka. "Hakuna aliyeniambia kwamba anaumwa. Kwenu, mtu akiugua mnafanyaje?"

"Tunakwenda kumjulia hali."

"Hamkai nyumbani mkamsubiri aje yeye?"

"Hapana," alisema Namkunda. "Hapana, Nookoo. Itakuwa aibu."

Mlangoni, Delphine alikuwa amesimama, mkono kwenye kitasa.

Namkunda hakutaka kudanganya mara ya pili, akasema yote waziwazi. Kumtoa Nookoo kwenye umeme mkubwa kulikuwa hatari. Fuwele zilikuwa dhaifu. Njia ina mashimo. Betri ingetosha kumlinda akiwa amelala, na ikibaki kidogo, kumwamsha mara moja. Huenda asiamke. Akiamka, huenda asirudi.

"Nimesikia," alisema Nookoo. "Tunakwenda."

"Sisi gani?"

"Sisi pamoja nawe."

Dodoma walipopata habari, Bwana Chilongani alipiga simu mara nne. "Kifaa hakihamishwi! Umesoma mwongozo au hukusoma?" Namkunda alisema, "Nimeusoma, mkuu, na jukumu ni langu," akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza.

*

Waliondoka na basi la shule. Nookoo alikaa kiti cha mbele, amefungwa mkanda, amevikwa blanketi la viraka, taa imezimwa. Watoto waliimba mpaka wakachoka. Delphine aliendesha bila kumsemesha Namkunda kwa kutwa nzima, kisha, walipokuwa wanachaji basi, akamletea kikombe cha chai na kusimama kando yake. Chai ilikuwa na tangawizi, kama ya Dodoma.

Siku ya pili adhuhuri walimkuta.

Alikuwa amejibanza upande wa kaskazini wa kilima, mahali jua halifiki, eneo lisilozidi uwanja wa nyumba. Namkunda hakuwa amewahi kuona theluji kwa karibu, na alikuwa amejiandalia weupe wa kwenye picha. Huyu alikuwa wa kijivu, mchafu, ametoboka matundu, maji yakimchuruzika chini kwa chini. Watoto walimsogelea polepole. Hata wao hawakuwa wamemwona, isipokuwa yule mkubwa ambaye hakukumbuka.

Walimbeba Nookoo watu wanne, wakamweka pale. Delphine alitoa tumbaku mfukoni, akaiweka juu ya theluji kwa mkono wa kushoto, ulio upande wa moyo, kama ilivyo desturi yao, akasema maneno machache. Namkunda akaunganisha betri.

Hakuna kitu.

Akakagua waya. Akagusa swichi tena. Taa ilibaki nyeusi, na upepo ukapeperusha ncha ya blanketi. Delphine alikuwa amejishika mdomo. Mtoto mmoja akauliza kama Nookoo amelala, na hakuna aliyejua.

Namkunda alipiga magoti. Hakuwa na jambo la kifundi lililobaki. Akavua glavu, akazamisha mkono ndani ya theluji, na baridi ikampanda mpaka kwenye kiwiko kwa maumivu ambayo hakuyatarajia.

"Hodi, Nookoo," alisema. "Tumefika kwa mgonjwa."

Taa ikawaka. Ilikuwa dhaifu, rangi ya chai ya mkandaa.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Nimemshika mkono. Amekonda sana, lakini yupo."

"Basi msalimieni kwanza. Mmekuja kwake."

Watoto wakasalimia, mmoja mmoja, kwa aibu, kwa lugha yao: "Boozhoo." Wakamtaja theluji kwa jina. Kisha wakaketi juu ya masweta manne ya Namkunda, ambayo hatimaye yalipata kazi, na Nookoo akaanza.

Alichosimulia hakiandikwi hapa. Wewe msomaji sijui unasoma wakati gani wala chini ya jua gani, na sitaki nikuponze. Namkunda hakuelewa hata robo yake. Aliiona tu midomo ya Delphine ikifuata nyuma ya sauti, kwanza kwa kukwama, Nookoo akirudi kumngoja kama mtu anavyomngoja mtoto kwenye mteremko, kisha bila kukwama. Aliona yule mtoto mkubwa naye ameanza kufuata midomo ya mama yake. Kinasa sauti kilikuwa ndani ya basi. Alikikumbuka, akakiacha.

Ulikuwa mchana kweupe. Namkunda alijipapasa paji la uso, upande huu na upande ule. Hapakuwa na pembe. Akacheka peke yake, na kicheko kikageuka kilio, akalia kwa ajili ya bibi yake Nakiete, aliyeshika mwiko wake mpaka saa ya mwisho, na kwa mara ya kwanza hakumkasirikia.

Nookoo alimaliza hadithi mbili na nusu ya tatu. "Hadithi hawa wengine wamelala," alisema, sauti imekuwa nyembamba. "Msiwavute miguu. Mliowapata watawatosha kwa kuanzia." Taa ikapungua, ikapungua, ikawa nukta. Delphine aliendelea na ile ya tatu pale ilipoachwa, kwa sauti yake mwenyewe, akibahatisha. Nukta ikazima wakati anaongea, na hakunyamaza mpaka alipoimaliza.

Simu ilimlilia Namkunda mfukoni. Alisogea kando.

"Nimeona mitambo ya huku imepoteza mawasiliano," alisema Bwana Chilongani. Hakuwa anafoka tena. "Niambie ukweli. Kifaa kimezima?"

Namkunda alitazama nyuma. Delphine alikuwa analichomeka blanketi la viraka pembeni mwa sanduku, taratibu, lisiingize baridi.

"Amelala, mkuu."

"Namkunda. Sikusikii vizuri. Kimezima au hakijazima?"

"Amelala," alirudia. "Theluji yuko pamoja naye."

"Nilikutuma urekebishe ngeli," alisema Chilongani.

"Ndiyo, mkuu," alisema Namkunda, na mkono wake bado ulikuwa unauma kwa baridi ya yule aliyemshika. "Nimezirekebisha."